Salamu Zetu Zilipofungiwa Mlango

Nifiche nini, na Ukunda nzima inajua? Mpaka leo nikipita pale stendi ya bodaboda kuna vijana wananipungia mkono na kuniambia, "Mzee Rama, salamu zako zimefika!" kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nacheka nao, maana nitafanya nini. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye Rama wa Simu. Shule niliiachia njiani nikiwa mdogo, nikaanza kuuza vifuniko vya simu mkononi kwa watalii pale Diani, jua la utosi, na leo nina duka langu la ghorofa, chini natengeneza simu na kompyuta, juu kuna ukumbi, na mtandao wangu una kasi kuushinda wa hoteli moja kubwa ambayo sitaitaja. (Mwenye hoteli akitaka kubisha, aje tupime.) Kiingereza changu ni cha biashara, cha kutaja bei na kukataa kupunguza, lakini kimenijengea nyumba.

Sasa dada yangu ana binti, Mwanasha, aliyesoma kompyuta hadi chuo kikuu. Huyo ndiye aliyekusanya vijana wenzake wachache, wakawa wanakutana juu ya duka langu kushughulikia programu huria, yaani zile programu ambazo hazikufungwa, mtu yeyote duniani anaweza kuzifungua ndani, akaona zilivyoundwa, akatengeneza palipoharibika na kurudisha ili wote wafaidike. Kwa kuwa ukumbi ni wangu, umeme wangu na chai yangu, nilijiteua mwenyekiti, na hakuna aliyepinga, au labda walipinga nisisikie.

Kuna programu moja ya zahanati, inaandikisha akina mama wanaokuja kliniki na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha chanjo. Kiswahili chake kilikuwa balaa. Mama mmoja wa Msambweni alipokea ujumbe kwamba mtoto wake "amepitwa na wakati", akaja zahanati analia, akidhani mwanawe ana ugonjwa, kumbe chanjo tu ndiyo iliyochelewa. Mwanasha aliapa kukisafisha Kiswahili chote cha ile programu, na mwaka mzima akakaa nacho, anauliza wauguzi, anauliza wazee, anafuta na kuandika upya. Kilichobaki ni kukiwasilisha katika mwezi wa michango, ule mwezi ambao watu wa programu huria kila pembe ya dunia hujitokeza kuchangia kazi (kazi, jamani, si pesa), na watunzaji wa programu hukaa tayari kuipokea. Mwisho wa mwezi huo toleo jipya lingetoka kwenda kwa zahanati zote. Kazi ya Mwanasha ikichelewa, basi akina mama wangeendelea kulia.

Siku ya mkutano wetu, Mwanasha alitoka mapema kwenda Msambweni kumchukua muuguzi aliyemsaidia, akaniachia maagizo mafupi kabisa.

"Mjomba, wakija wakaribishe, wape mahamri na mbaazi, wakae. Wasitume kitu mpaka nije. Kila mchango nauona kwanza."

"Nenda mama, usitie shaka. Mimi nimesimamia harusi za watu mamia kwa mamia."

Hapo ndipo pa kuanzia balaa, kwa sababu kweli nilikuwa nimeifanya kama harusi. Vijana wake walikuwa wachache, nikaona aibu, mkutano wa mjomba mtu uwe na viti vitupu! Nikawa nimealika kila niliyewahi kumuuzia simu: wa Bongwe walikuja, wa Msambweni walikuja, wa Jego walikodi gari zima, chifu alikuja, akina mama na mabuibui yao mapya, ukumbi ukajaa mpaka ngazini. Nimewasha projekta, ukurasa wa ile programu uko ukutani mkubwa kama pazia, watu wananitazama, nami nina kipaza sauti mkononi. (Nipe mimi kipaza sauti, halafu uniambie ninyamaze. Haiwezekani.)

Nikawaambia, "Ndugu zangu, ukifika kwa mtu unafanya nini?"

"Unapiga hodi!" ukumbi mzima.

"Sasa tutaingiaje kwenye programu ya watu kimyakimya kama wezi? Toeni simu zenu. Kila mtu ajiandikishe kwa jina la kikundi chetu, kisha atoe salamu, ajitaje jina lake na la baba yake na atokako."

Wakajiandikisha, nikawaonyesha kitufe kikubwa cha kijani, wakaandika. Wallahi ilikuwa raha kuona! Assalaam aleikum, hamjambo huko mliko, mimi Fatuma binti Hamisi wa Bongwe. Shikamooni, mimi ni Juma wa Msambweni, hali zenu, watoto hawajambo? Zinapanda ukutani moja juu ya nyingine, watu wanapiga makofi kila jina likitokea. Mtu akikaa kidogo hajajibiwa ananiuliza, "Rama, mbona hawaitikii?" namwambia, "Labda hawakusikia, rudia." Wakarudia. Wengine wakarudia mara nyingi, na bibi mmoja akauliza habari za mifugo.

Mara ukurasa ukatulia. Pakatokea utepe mwekundu na maandishi ya Kiingereza, na katikati yake nikaliona jina la kikundi chetu, herufi kubwa. Ningefikiri nini mimi? Jina letu, rangi nyekundu kama zulia la wageni wa heshima! Nikanyanyua kipaza sauti, "Tumetajwa! Ukunda tumetajwa duniani! Mama zangu, vigelegele!" Vigelegele vikapigwa mpaka watu wa barabarani wakasimama, chifu akanishika mkono, nikatoa machozi kidogo, sikatai.

Mwanasha akaingia na muuguzi wake vile vigelegele havijaisha. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi.

"Mjomba, nani amewaambia watume?"

"Salamu tu, mama. Soma, soma kwa sauti watu wasikie tulivyosifiwa."

Akachukua kipaza sauti, akasoma pole pole kwa Kiswahili: "Kikundi cha Ukunda kimefungiwa. Kinatumia mashine kutujazia takataka mahali pa kuripoti kasoro. Michango yake yote imesimamishwa." Kumbe kile kitufe cha kijani ni cha kuripoti programu inapoharibika, na kila salamu yetu ilihesabiwa ni kasoro mpya ya kuchunguzwa! Michango yote, maana yake na ile kazi yake ya mwaka mzima, iliyokuwa inangoja mlangoni.

Bibi mmoja akasema, "Takataka? Salamu?" na wengine wakaanza kutafuta viatu.

Mwanasha hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alimwandikia mtunzaji mkuu, bibi mmoja wa Ulaya aitwaye Marta, wakaonana kwa video palepale ukutani, nami nikasimamishwa mbele ya umati wangu mwenyewe kuomba radhi, naomba kwa Kiswahili, Mwanasha anafasiri. Bi Marta alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Akasema anataka kuamini kwamba hawa ni watu na si mashine, kwa hiyo kila aliyetuma ujumbe aufunge mwenyewe, yaani auondoe, kwa simu yake. Ukifungwa wa mwisho, na mlango utafunguliwa.

Waliokuwamo ukumbini walifunga hapohapo, wameninunia. Lakini wengi walishaondoka kwa hasira. Basi nikapanda pikipiki, mimi Rama mwenye ghorofa, nikazunguka mlango kwa mlango. Mnaijua pwani yetu. Mnajua ni nini kumwendea mtu, kuamkia, kuketi, kupewa maji, halafu kumwambia, "Nimekuja kukuomba uiondoe salamu yako." Kuna aliyenifungia mlango, kuna aliyeita majirani waje wasikie. Nikavumilia, mwezi unakwisha, wote wakafunga isipokuwa Bi Mwanamisi wa Jego, yule aliyeuliza habari za mifugo.

"Sifungi," akaniambia.

"Bibi yangu, nakuomba. Kazi ya mtoto itapotea."

"Mtoto namwonea huruma. Lakini mimi nimetoa salamu kwa jina la Mwenyezi Mungu, hazijaitikiwa, leo nizirudishe mfukoni? Na waitikie kwanza."

Nikampigia Mwanasha kumwambia mambo yamekwisha. Nikamsikia anacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Kaa hapohapo, mjomba." Akamweleza Bi Marta. Tukakaa barazani, mimi na Bi Mwanamisi, simu yake katikati kwenye mkeka, mpaka ikalia. Bi Marta alikuwa amejibu kwa Kiswahili, alichofundishwa na Mwanasha bila shaka: "Waaleikum salaam, Bi Mwanamisi. Sisi hatujambo. Mifugo sina, nina paka mmoja, naye hajambo."

Bi Mwanamisi akanisomesha mara mbili. Akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ana adabu," akabonyeza.

Kazi ya Mwanasha iliingia toleo likikaribia kabisa kufungwa, na sasa Kiswahili chote cha ile programu kiko chini ya mkono wake. Kikundi chetu hakikutajwa kati ya vilivyosifiwa mwezi ule, na vijana walipiga kura ya mwenyekiti mpya, nami sikupata hata kura yangu, maana niliona haya kunyoosha mkono.

Mwezi wa michango ukija tena nitafungua ukumbi, nitawasha mtandao, na mahamri yatakuwa yangu, hamtakula kama hayo kwingine. Na watu nitaalika, ndivyo nilivyoumbwa. Ila nitaalika kwangu tu. Kwa mwingine, hata mlango wake uwe wazi kwa dunia nzima, nitasimama nje nimefunga mdomo mpaka niambiwe karibu.