Uhakiki wa Kitabu Kilichofunguliwa Nusu

Kwa miaka mitatu nilikuwa mhakiki wa vitabu wa mji wa Mbale, na katika miaka hiyo sikusoma kitabu hata kimoja kikaisha. Msinihukumu haraka. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kazi.

Miaka ya bunduki vitabu tulivijua kwa kurasa mojamoja, zikiwa zimefungia karanga. Siku moja karanga zangu zilikuja na mwisho wa hadithi: bibi harusi analia, baba mkwe anaomba radhi. Mpaka leo sijui alikosa nini. Kisha nchi ikatulia, mabasi ya Kenya yakarudi, na Hajji mmoja mwenye duka la jumla karibu na stendi akaanza kuleta vitabu vipya katikati ya katoni za sabuni. Vijana wa msikitini walikuwa na gazeti la kurasa nne, lililodurufiwa kwa mashine ya mkono na kugawiwa kila Ijumaa. Walitaka mtu wa kuandika habari za vitabu hivyo kwa Kiswahili. Wakanijia mimi, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mjukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi. Kwa majirani zangu kilikuwa lugha ya mtu anayekuamuru ushuke kwenye gari, kwa hiyo kila niliposifu kitabu, baadhi ya wasomaji walihisi wamepewa amri.

Hajji aliniazima vitabu kwa sharti moja.

"Mwalimu, hii kitabu ni mpya," alisema. "Ikirudi hapa, iwe mpya. Usifungue sana. Fungua kama mlango ya mgonjwa."

Hakuwa na ubaya. Wateja wa Mbale walikishika kitabu wakakibonyeza mgongo, na kikilegea walisema kimeshaliwa. Basi nilinawa mikono, nikajifunza kusoma kwa pembe ya jicho. Kurasa kumi za mwanzo na kumi za mwisho hufunguka zenyewe bila kuumia. Za katikati nilizichungulia kama mtu anayetafuta kuku chini ya kitanda, na mara nyingi nilimwacha huyo kuku alale.

Kwa njia hiyo nilihakiki kitabu cha ufugaji wa kuku, nikasema kina uhai. Cha mapishi nikasema kinaamsha hamu. Diwani ya mashairi nikaisifu kwa kina chake, neno ambalo halijawahi kumtupa mhakiki. Riwaya ya mapenzi niliandika kwamba mwisho wake unatabirika kwa urahisi, na kwangu ulitabirika kweli, maana ndio nilioanza nao. Sheikh wetu alikata kila uhakiki wangu akauhifadhi ndani ya vitabu vyake vya sheria. Nilivimba kichwa, sifichi.

Nyumbani, chini ya mlima Wanale, niliishi na wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa fundi cherehani Jinja. Mwaka ule askari walipokuwa wakirudi nyuma wakipora, alimtanguliza mkewe kwetu kwa basi, naye akasema atafuata kesho yake na kichwa cha cherehani, amekifunga ndani ya leso nyekundu ya mkewe. Hakufika. Tuliuliza stendi, hospitalini, kambini. Hakuna aliyemwona akiwa hai wala akiwa maiti, na bila shahidi Sheikh hakuweza kutamka kwamba amekufa. Kwa hiyo hakukuwa na hitma ya kumwombea, hakukuwa na eda ya mjane. Miaka saba wifi hakuwa mke, hakuwa mjane. Harusini hakujua akae na kina nani, na msibani vilevile.

"Mimi nataka tu kuambiwa nikae chini nilie," aliniambia mara moja, akaendelea kuosha masufuria.

Ndipo Hajji aliponipa kitabu cha kumbukumbu za sajenti mstaafu wa Kimaka, kule Jinja. Kurasa kumi za mwanzo zilikuwa za utoto na gwaride. Kumi za mwisho zilikuwa nasaha kwa vijana. Za katikati sikuzigusa kabisa. Nilijiambia ni heshima kwa sharti la Hajji. Ukweli ni kwamba niliogopa yale ambayo askari angeweza kuwa amekumbuka. Nikaandika: "Mwandishi anabuni zaidi ya anavyokumbuka. Msomaji asitafute ushahidi humu." Sentensi ile niliipenda mno. Nilimsomea wifi mara mbili akiwa anachambua mchele, naye akasema ni nzuri.

Gazeti likatoka, kitabu nikakikawiza nyumbani kwa uvivu. Mvua ikashuka kutoka Wanale, ikapita kwenye tundu la bati letu, ikakilowesha chapachapa. Nilipompelekea, Hajji hakukipokea.

"Hii sasa ni yako, mwalimu," alisema, na akanigeuzia mgongo kwa siku kadhaa.

Wifi hapendi kitu kiharibike. Akawasha pasi ya mkaa, akaanza kukausha ukurasa mmoja baada ya mwingine, kitambaa juu yake. Ukurasa uliolowa hautaki haraka, kwa hiyo akawa anasoma kwa kidole huku akingoja. Ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza nyumbani mwetu kusoma kitabu kipya bila kuruka.

Alasiri ya siku ya pili nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nilimkuta amesimama, pasi imetulia mahali pamoja.

"Soma hapa," alisema.

Sajenti alieleza habari za kizuizi nje ya Jinja. Walimteremsha mtu kwenye basi akiwa na kitu kizito ndani ya leso nyekundu. Wakadhani ni silaha, kumbe ni kichwa cha cherehani. Walipokuwa wanampekua, mtu yule alimtazama sajenti akamwambia shati lake limeshonwa vibaya, bega la kushoto limeanguka, na kama wangemwachia dakika chache angelirekebisha. Mkubwa wao akaona wanadharauliwa. Wakampiga risasi. Sajenti ndiye aliyeagizwa kumzika. Jina hakuuliza.

Huyo alikuwa kaka yangu hasa. Hakuwahi kuona mshono mbaya akanyamaza, hata msikitini. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Wifi hakulia. Alifunga kitabu ndani ya kitambaa kilichoungua, akasema twende kwa Sheikh.

Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitabu chake kimoja, akatoa kikaratasi, akavaa miwani.

"Mwalimu, hapa umeandika huyu bwana anabuni. Umesema msomaji asitafute ushahidi humu. Sasa mimi nitachukuaje ushahidi mahali wewe mwenyewe umekataza?"

Wifi akanigeukia. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja hata mtoto sijapata.

"Sheikh, sikukisoma."

"Hiki?"

"Hiki. Na vingine."

Akatazama rafu yake iliyojaa vikaratasi vyangu. "Hata cha kuku?"

"Hata cha kuku."

Alikuwa amejenga banda kwa kufuata sifa zangu. Akavua miwani, akasema kitabu peke yake hakitoshi, nimlete aliyekiandika.

Nilikwenda Jinja nikiona aibu njia nzima. Kimaka nilimkuta mzee mwembamba ameketi kibarazani. Niliposema mimi ni nani, alisimama akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiyo ile mwalimu ya gazeti? Karibu, karibu sana! Ile kitabu ilitoka, watu hapa wakaanza kuogopa mimi. Hata binti yangu akakataa kuleta watoto. Halafu gazeti yako inafika. Wanasoma, wanasema, ah, mzee natunga tu. Binti akarudi. Mungu akubariki, mwalimu."

Hakuna mwandishi aliyewahi kunishukuru, na huyu wa kwanza alinishukuru kwa kumwita mwongo. Nikamwambia yule fundi alikuwa kaka yangu. Mikono yake ikaniachia.

"Mimi nilifikiri nikiandika itatoka ndani yangu," alisema baadaye. "Watu wakasema ni uongo, na mimi nikafurahi. Sasa unataka niseme tena?"

"Afande, kuna mwanamke anangoja."

Aliingia ndani. Nilirudi Mbale mikono mitupu. Wifi hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilimuuliza habari za leso, na mimi, mhakiki, nilikuwa nimesahau.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, sajenti alisimama mlangoni kwa Sheikh. Alikuwa peke yake.

"Binti nimemwambia," alisema. "Ameenda tena."

Alivaa shati jeupe, safi, na bega la kushoto lilikuwa limeanguka. Aliona sote tunalitazama. "Si shati," alisema. "Ni bega yangu. Ilivunjika nikiwa mtoto." Kumbe kaka naye alihakiki bila kufungua. Ni tabia ya ukoo wetu.

Akaeleza yote mbele ya Sheikh, bila nasaha kwa vijana. Wifi alimuuliza swali moja tu.

"Leso yangu ilikwenda wapi?"

"Cherehani walichukua, mama. Leso nilimfunika nayo. Nilimzika nayo."

"Basi alipata sanda," wifi alisema.

Sheikh akatamka kwamba kaka yangu amekufa, akamwombea, akapanga siku ya hitma. Kisha akapekua sheria, akakohoa. Eda, alieleza, huhesabiwa tangu siku mume anapokufa, si tangu siku mke anapopata habari. Ile miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha karibu miaka saba iliyopita.

"Eda yako imeisha zamani, mama. Uko huru."

Wifi alimtazama kama mtu aliyefika harusini akaambiwa ameshaozwa.

"Imeisha?" aliuliza. "Nani aliikaa?"

Sheikh akafunga kitabu chake, na mimi nilishaacha kujibu nisiyoyajua.

Tuliporudi nyumbani wifi alivaa nguo nyeupe, akaingia chumbani, akakaa miezi minne na siku kumi ambayo sheria haikumdai. Sheikh alijua, hakumkataza. Kila alasiri, nilipotoka shuleni, nilikaa naye mkekani nikamsomea kile kitabu, kikiwa kimefunguliwa mpaka mgongo ukavunjika, tangu ukurasa wa kwanza, gwaride na yote. Tulipofika pale palipoungua aliniambia nisome polepole, na hapo ndipo alipolia.