Saa Iliyo Juu ya Jedwali

Jedwali letu la ng'ombe lilitengenezwa na mdogo wangu wa mwisho, anayesoma chuo mjini Nyeri na kupanga chumba Majengo. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki Mukurweini na wadogo wawili wa kulea. Sote watatu tuliweza kulifungua kwenye simu na kuandika: maziwa ya asubuhi na ya jioni, dawa ya minyoo, siku ng'ombe alipopandishwa. Juu kabisa kulikuwa na kisanduku cha kuonyesha tarehe na saa jedwali lilipobadilishwa mara ya mwisho.

Kisanduku hicho kilinivuta kuliko mengine yote. Ndugu yetu wa katikati alikuwa ameenda Nanyuki baada ya kuniambia kwamba mimi si mama yake, na tangu hapo hakushika simu zetu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: bado anajihesabu mtu wa nyumba hii? Na kila nilipofungua jedwali, saa ilikuwa imesonga, hata kama sikuwa nimeandika lolote. Nikampigia mdogo wangu.

"Anaingia kila siku! Sasa hivi alikuwa humo!"

"Wee shosho," alicheka, akinitania kama bibi kizee, "huyo ni wewe. Niliweka fomula inasoma saa ya sasa. Ukifungua tu, inabadilika."

"Kwa hivyo nimekuwa nikijichungulia mwenyewe?"

"Wiki mbili! Ati mpelelezi."

Akarekebisha, saa ikawa inasonga pale tu mtu anapoandika au kufuta kitu. Baada ya hapo ilitulia. Asubuhi ilionyesha saa niliyoandika maziwa ya asubuhi, jioni vivyo hivyo, na sikuona nyingine. Nilikaribia kuacha kuitazama.

Kisha siku moja nikiwa Karatina na ndizi zangu, nikafungua jedwali. Saa nne na dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeandika saa kumi na mbili, kabla sijatoka nyumbani. Mdogo wangu akaapa kwamba hajaligusa. Kisanduku kilitaja saa, hakikutaja mtu wala kilichobadilika, kwa hivyo nilipitia safu moja moja kwa kidole, wateja wakiniuliza bei na mimi nikijibu ovyo.

Nilikuta badiliko kwenye safu ya kupandishwa. Tarehe niliyoiandika kabla sijalazwa hospitali ilikuwa imesogezwa mbele wiki tatu. Huo ndio muda ambao ng'ombe asiyeshika mimba hukaa kabla ya kutaka dume tena. Na mimi nilikuwa nimepanga kuacha kumkamua Jumatatu, ili apumzike kabla ya kuzaa.

Kwenye safu ya maelezo niliandika: "Umejuaje?"

Nikauza mikungu miwili. Saa ikasonga.

"Alirudi joto ukiwa umelazwa, kabla sijaondoka. Nikamwita daktari wa mifugo ampandishe tena. Ni mimi nilimshikilia ng'ombe. Sikukuambia, ungeanza kuhangaika."

Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko yalivyohitaji.

Jioni nilikamua kama kawaida. Lita sikuziingiza kwenye jedwali. Niliziandika kwa kalamu kiganjani, ili saa ile ya juu ibaki yake mpaka asubuhi.