Ukuta wa Mashariki

Tangu fundi kijana kutoka Zomba alipougonga ukuta wa mashariki wa kanisa kwa juu na kusema, "Huu uko imara, Jumatatu tunapandisha boriti," Wyson Mbedza hakumaliza hata tonge moja la nsima. Sasa ilikuwa Jumapili. Alibaki na siku moja tu ya kusema.

Ukuta ule aliujenga mwenyewe, miaka ishirini na miwili nyuma. Usharika ulikuwa watu themanini chini ya paa la nyasi, naye akapiga hesabu ya saruji ya watu themanini. Lakini kanisa lile halikuwa na adabu ya kungoja, lilikua huku linajengwa. Kila wiki waliingia wapya na wajukuu wao, na wazee wa kanisa wakamjia na kamba mkononi: "Fundi, sogeza kidogo." Akasogeza, urefu wa madirisha mawili mazima. Saruji haikusogea. Mvua za Novemba zikaanza kunguruma mlimani, na ukuta wa mashariki haujafika hata magotini.

Ndipo Wyson akawaambia akina mama walete udongo na maji, eti vya sakafu. Akajengea udongo huo, kozi tatu za juu tu, yaani mistari mitatu ya matofali, akazitia saruji, kisha akapiga lipu safi nje na ndani. Watu wakausifu kwa kunyooka. Wakamfanya mzee wa kanisa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje pale ukuta wenyewe ndio ufa. Miaka yote, kila mvua iliponyesha, Wyson aliuzunguka ukuta ule akijifanya anatafuta mbuzi.

Sasa waumini walifika mia sita, wengine wakisikiliza mahubiri madirishani, chini ya miavuli. Ikaamuliwa ijengwe roshani, boriti zake zikalie ukuta wa mashariki, na wa kwanza kukaa huko juu wawe kwaya ya akina mama. Mkewe alikuwa mwanakwaya. Wyson alimwomba Mungu fundi augue, akatubu ombi hilo, halafu akaliomba tena.

"Baba Tiyamike, hiyo tai unaifunga au unajinyonga?" mkewe alimuuliza asubuhi ile.

"Mama Tiyamike, leo usikae kule ukutani."

"Kuna nini? Nimekaa pale tangu kanisa lifunguliwe. Dirisha lina upepo."

Wyson akaifungua tai, akaifunga upya. Alimpenda mkewe, aliipenda na heshima yake, na hakujua afe na kipi.

Ibada ilipofika katikati, mchungaji, Abusa Kamwendo, akamwita mbele. "Mzee wetu aliyetujengea nyumba hii aweke mkono wake ukutani, tuziombee boriti za kesho."

Watu wakapiga makofi. Wyson alikwenda. Mwiko wa fundi ulikuwa umelazwa dirishani. Badala ya kuweka mkono, aliushika mwiko akaipiga lipu usawa wa kiuno. Kipande kikabanduka. Vumbi jekundu likamwagika kati ya matofali, likaendelea kumwagika.

"Ni udongo," alisema. "Saruji ni kozi tatu za juu tu. Niliwadanganya. Msipandishe kitu hapa."

Fundi kijana akatia kidole katika tundu, kikazama chote. Akajifuta jasho. "Boriti zingeshuka na watu," alisema.

"Na ndiye mzee wa kanisa huyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Wyson aliona aibu mpaka masikio yakamvuma. Ndipo Mama Tiyamike akasimama pale pale alipozoea kukaa, bega lake limejaa vumbi la ukuta.

"Maji ya udongo huo tuliyabeba sisi kichwani," alisema. "Sakafu gani inayokula ndoo mia nne?"

"Ulijua?" Wyson akamuuliza.

"Tangu siku ile. Nikasema, mume wangu hawezi kunitazama nimekaa chini ya ukuta huu, asiseme. Basi nikakaa hapa. Kila Jumapili nikakaa hapa. Umechelewa sana, Baba Tiyamike."

Akajipangusa bega, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akahamia benchi la upande wa pili.