Nilivyokwenda Maskati Kumtolea Ushahidi Mzee Habib

Nilikuwa Bukoba, kwenye ghala la kahawa, nikishona midomo ya magunia, aliponipigia simu kaka yangu Khalfan kutoka Maskati. Khalfan ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Amezaliwa huko, ameitumikia serikali ya huko mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na miaka yote salamu zetu zilikuwa za sikukuu tu. Safari hii hakungoja sikukuu.

"Hamadi, wewe si ulikaa Tunis?"

"Miaka minne."

"Kwa mwalimu mmoja, Habib?"

Jina hilo sikuwahi kumtajia mtu Bukoba.

"Mwanawe, Anis, anafundisha hesabu hapa, Mabela. Kamposa Nasra wangu. Anasema uliishi kwao. Hapa hatuna mwengine anayeijua nyumba ile, basi njoo utwambie ni watu gani."

Nasra ni binti yake wa pekee. Mimi nimeishi miji kumi na mmoja, na katika umri wa miaka arubaini na sita hakuna aliyewahi kuniomba nimweleze nilichokiona mahali popote. Niliiweka sindano juu ya gunia nikaenda kuaga.

Basi liliondoka Bukoba alfajiri. Njia ni ndefu, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma, na kwa siku mbili sikuwa na kazi isipokuwa kukumbuka. Tunis nilikwenda kwa nia ya kuvuka Ulaya. Nikashindwa, nikapata kazi kwenye duka la kuoka mikate, na chumba cha juu ya paa nyumbani kwa Mzee Habib, mwalimu wa fizikia. Alikuwa amefungwa miaka tisa na serikali ya zamani kwa kuwa mtu wa harakati ya Kiislamu. Nilikuwapo watu walipojaa barabarani mpaka mtawala akakimbia. Nilikuwapo walipopiga kura mara ya kwanza bila woga, wazee wameletewa viti, wanawake na vikapu vyao vya sokoni, foleni tangu asubuhi hadi alasiri. Kura nimepiga hata kwetu, lakini foleni ya watu wanaolia kwa furaha sijaiona tena. Harakati iliyokuwa ikikutana kwa kunong'ona ilipata viti vingi kuliko wengine wote. Mzee Habib akaingia bunge la kuandika katiba akiwa na suti ya kuazima.

Baadaye alishindwa katika uchaguzi. Miaka mingi baada ya mimi kuondoka, bunge likafungwa, naye akarudishwa jela. Huko yuko mpaka leo.

Nilipofika Dar es Salaam nilivuka kwenda Unguja, nikanunua karafuu za kumpelekea mama mkubwa, na kesho yake nikapanda ndege.

Maskati ilinishangaza kabla sijaikanyaga. Milima ya mawe matupu, haina hata jani, rangi ya chuma kilichoungua, na chini yake nyumba nyeupe maelfu, hakuna inayoinua kichwa kuipita jirani yake. Kutoka uwanja wa ndege hadi Bawshar, mtaa wa akina Khalfan, sikuona mtu anayetembea kwa miguu. Nimeona miji mizuri, lakini mji uliotulia namna ile ulinifanya niseme taratibu hata ndani ya gari.

Mama mkubwa, Bi Zuwena, alinipokea akiwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko, akinusa karafuu zangu kwanza, kisha mimi.

"Umekonda, mwanangu. Huko Bukoba hawali?"

"Wanakula ndizi, mama."

"Ndizi, basi! Nasra, mpe baba yako mdogo samaki."

Nasra ni mfamasia. Alinipakulia bila haraka, na alipoinama kuweka sahani akanambia, "Baba mdogo, useme kweli. Lakini useme polepole." Nilidhani ananihimiza nitafune vizuri maneno yangu. Kumbe alikuwa ananionya jambo ambalo mgeni halijui.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, Khalfan alinipeleka sabla ya mtaa. Sabla ni chumba kirefu cha mazulia, wanaume wameegemea ukutani pande zote, na yeyote huingia. Wote waliinuka kunipa mkono, mmoja mmoja. Nilipokaa, mkubwa wao, Sheikh Nasor, aliyezaliwa Unguja, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Khabari za huko utokako? Ulum?" Ulum ndiyo habari kwa Kiarabu cha huko.

Mtu akikuuliza habari baada ya safari ya siku nne, unampa. Nami nilizitoa zote. Nilisema kwamba nyumba ya Anis ni nyumba njema, kwamba baba yake alikuwa mbunge wa chama cha Kiislamu baada ya mapinduzi ya Tunis, na kwamba sasa yuko jela. Nilisema hata miaka ya kifungo cha kwanza.

Tende zilikuwa bado hazijaletwa. Hakuna aliyenikatiza. Walitazama zulia, na kijana wa Kihindi aliyeshika birika la kahawa alisimama mlangoni asijue aingie au arudi. Sheikh Nasor akasema "Alhamdulillahi" kana kwamba nimemwambia mvua imenyesha, akauliza bei ya mbuzi. Tulikaa kidogo, tukaondoka.

Asubuhi ya tatu Khalfan aliniambia twende Quriyat tukamnunulie mama nguru. Barabara inapita katikati ya milima iliyokatwa kwa baruti, ukuta wa jiwe kushoto, ukuta wa jiwe kulia. Tulipokuwa katikati ya mawe hayo, akasema.

"Yakhe, ukiulizwa khabari pale, unajibu hakuna khabari."

"Lakini khabari zipo."

"Zipo, na wote wanajua zipo. Kwanza hakuna khabari. Halafu tende. Halafu kahawa. Halafu watu wanakwenda zao, ndo unakuja kuniambia mimi pembeni. Mle ndani mna Ibadhi, mna Sunni, mna Shia. Mna waliosimama barabarani mwaka ule wa maandamano, mna na waliowatuma askari. Tunakunywa kahawa birika moja kila siku kwa sababu hakuna anayeanza na khabari."

Nilimwomba radhi.

"Mimi si neno," alisema. "Ungeniambia peke yangu, ningelipima. Sasa mtaa mzima umesikia kuwa Khalfan anaoza kwa mtu wa chama. Hapa hatuna vyama, Hamadi. Na yule kijana mkataba wake wa kusomesha unatazamwa kila mwaka."

Hapo nikaelewa nilichofanya. Niliitwa nimsaidie Nasra aolewe, na kwa pumzi moja nilikuwa nimemfungia mlango, na labda nimemnyang'anya Anis kazi. Tulinunua nguru mkubwa, tukarudi mjini.

Jioni Anis alikuwa anatungoja getini, kijana mrefu mwenye nyusi za baba yake. Tulizungumza Kiarabu cha kwao.

"Umewaambia kuhusu baba?"

"Nimewaambia. Vibaya, mbele ya watu."

Alifungua geti. "Miezi sita nimekuwa nikitaka kuwaambia, ulimi unakataa. Sasa wakinikataa, watakuwa wamenikataa mimi nilivyo. Ingia."

Bi Zuwena alituita sote sebuleni. Aliweka bakora mapajani, akanitazama mimi tu.

"Mimi nilikuwa msichana Unguja zama za siasa," alisema. "Mtu wa chama hiki hanunui sukari duka la chama kile. Baba yangu na ndugu yake wa tumbo moja walisusiana mpaka mazishi. Kwa hivyo sikuulizi huyo mzee chama gani. Nnakuuliza, aliposhindwa, alifanyaje?"

Hili nililiona kwa macho yangu, nikamweleza. Kiti chake kilichukuliwa na mwanamke wa chama kilichokuwa kikiwacheka watu wa ndevu. Mzee Habib alijaza kasha malalamiko ya wananchi, barua za maji, za barabara, za waliopotelewa na watoto, akanibebesha upande mmoja, tukatembea hadi nyumbani kwa yule mama. Alimkabidhi mlangoni, akamweleza barua moja moja mpaka adhana ikatukuta pale. Tulirudi kwa miguu, mikono mitupu. Sijapata kumwona mtu aliyeshindwa akitembea vile.

"Na alipokuwa juu, alimwacha nani adhulumiwe?" aliuliza tena.

Sikutaka kujibu. Nasra alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake. Nikasema. Vijana wenye ghadhabu walivamia ukumbi wa maigizo, wakapiga watu. Majirani walikuja kumwomba Mzee Habib atoe kauli. Alikaa kimya juma zima, maana vijana wale walikuwa kura. Juma la pili alisema, lakini kwa aliyepigwa neno lilikuwa limechelewa.

"Mwanawe analijua hilo?"

"Aliyepigwa alikuwa rafiki yangu, bibi," Anis alijibu kwa Kiarabu, Nasra alipomfasiria. "Sikusema na baba mwezi mzima. Kisha alikuja chumbani kwangu akaniomba radhi, akaenda hospitali kumwomba na rafiki yangu."

Bi Zuwena alimgeukia Khalfan. "Umesikia mazuri na mabaya kwa mdomo mmoja. Nani mwengine aliyekuja kuposa hapa tukayajua mabaya ya kwao?"

"Mama, watu watasema."

"Wamekwisha sema, tangu jana."

Khalfan alitaka siku mbili. Ya tatu alikubali, na nikaha ikawekwa Ijumaa baada ya alasiri, pale pale sabla. Awali alikuwa amenitajia kazi ya ghala ili nibaki Maskati. Hakuitaja tena, nami sikuuliza. Ndege yangu ilikuwa jioni ya Ijumaa hiyo.

Wakati wa nikaha watu wa bibi harusi hukaa upande mmoja, wa bwana harusi upande wa pili. Anis aliingia na kanzu mpya na mwalimu mwenzake mmoja. Wengine wa kwao, walioahidi kuja, walipata dharura. Upande wake ukabaki zulia tupu. Nilikuwa nimekaa na ndugu zangu, bega kwa bega na Khalfan. Nikainuka, nikavuka, nikakaa kushoto kwa Anis.

Kisha Sheikh Nasor akashika fimbo yake, akainuka kwa taabu, akavuka na kukaa kulia kwa Anis, mahali pa baba. Akafuata jirani wa nyumba ya pili. Akafuata mwenye duka la nguo. Walivuka mmoja mmoja, bila neno, wale wale waliotazama zulia, mpaka Khalfan akabaki na mpwa wake na kadhi.

"Jamani," Khalfan alisema, "nnaoza au nnahamwa?"

Wakacheka, na kadhi akaanza khutuba.

Nimeona umma ukijaa barabarani ukamwangusha mtawala, na nilidhani sitaona tena watu wakinifanya nitetemeke vile. Maskati nimejifunza kwamba wazee kumi wanaovuka zulia wanaweza.

Anis alinipeleka uwanjani mwenyewe, siku ya harusi yake. Njiani alimpigia simu mama yake Tunis. Mama hakuuliza chakula wala mavazi. Aliuliza nani amekaa mahali pa baba, kwa sababu ataruhusiwa kwenda jela Jumanne na lazima amwambie. Anis akamtajia jina la Sheikh Nasor pamoja na la baba yake na la babu yake. Yule mama akalirudia mara tatu, polepole, asije akalisahau.