Masikio ya Mkonze

Niliacha chuo kabla sijafika hata nusu ya Kurani, kwa sababu ya mbuzi niliyemchora kwenye ubao wa aya. Mwalimu alinichapa, nami nikaiacha Kondoa bila kuaga. Nilibeba mataruma ya reli ya Wadachi, nikachunga ng'ombe wa watu, nikapika kambini. Kila mahali nilikaa mpaka nilipochoka kupatazama, kisha nikahama.

Mkonze nilikaa miaka minne. Nilipokelewa katika nyumba ya tembe ya mjane wa Kigogo aliyechora vibuyu kwa chuma cha moto. Aliishi na mwanawe, mtu wa rika langu, mwenye mke na ng'ombe wachache. Mimi nilikuwa na kalamu ya risasi na karatasi za kufungia sukari. Baada ya kupura mtama watu walikusanyika kuzitazama picha zangu.

"Huyu nani?"

"Si jirani yako huyo?"

"Jirani yangu? Huyu Mrangi wetu wa Kondoa amechora kiazi!"

"Tena kiazi chenye pua," akadakia mwingine, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mjane hakucheka. "Mwanangu," aliniambia, "uso hubadilika. Leo mtu ameshiba, kesho ana njaa. Tazama sikio."

Nilikuwa nikiyaona masikio yale kila siku bila kuyatazama. Wagogo waliyatoboa, wakayapanua kwa vijiti mpaka ndewe zikaning'inia karibu na bega. Huyu alitia kizibo cha kibuyu, yule nyaya za shaba, na hayakuwapo mawili yaliyofanana. Ndewe ya mwana wa mjane ilichanwa na pembe ya ng'ombe, akaifunga kwa ukanda wa ngozi kama mdomo wa mfuko. Nikaanza kuchora masikio. Watu walikaa mbele yangu kwa zamu na kunisahihisha: "Tundu langu kubwa kuliko hilo, usinipunje!" Wao ndio walionifundisha mkono, si mwalimu yeyote.

Mjane alinifundisha pia kupanga. "Kibuyu ni duara," alisema. "Kabla hujachoma mstari wa kwanza, uone wa mwisho utakutana nao wapi."

Basi nikapanga kitabu. Kiangazi kizima nilikusanya karatasi, nikazishona kwa kano za ng'ombe. Kurasa nilizifuatanisha na njia, kuanzia kisimani hadi tembe ya mwisho, kila nyumba na ukurasa wake, kila mtu na sikio lake, na pembeni jina lake kwa herufi nilizotoka nazo chuoni. Sijafanya kazi nzuri kama ile tena.

Vita vikaja. Akida wa Wadachi alitaka wanaume wa kubeba mizigo ya askari, na wengi wakatoroka. Wengine walilala porini mchana na kurudi nyumbani kula. Mwana wa mjane alikwenda Bahi, akajichanganya na wavuvi kwenye matete, akajipa jina jingine.

Mimi nilikwenda bomani kwa Wadachi na kitabu changu. Hakuna aliyenituma. Nilisikia yuko Mdachi anayechora ramani na anatafuta mtu mwenye mkono mwepesi, na nilikuwa nimechoka na karatasi za sukari. Alifunua kurasa polepole, akamwita karani amsomee majina. "Nzuri sana," akasema. Akaniambia nikiache kitabu mpaka kesho, akanipa bunda la karatasi nyeupe. Njia nzima nilikuwa nikiinusa karatasi ile.

Kesho hiyo haikufika. Askari walifika siku ya tatu, na hawakumwuliza mtu njia. Walianzia kisimani.

Bahi walikwenda na ukurasa mmoja tu. Wavuvi walinisimulia kwamba mwana wa mjane alitaja jina lake jipya bila kutetemeka. Askari alimgeuza kichwa, akaiweka karatasi kando ya sikio. Alibebeshwa mzigo kuelekea kusini, wala hakurudi.

Mkonze hakuna aliyenitukana. Ila nilipopita, watu walivuta nguo kichwani wakafunika masikio.

Asubuhi moja mjane aliniambia, "Mchore."

Nilichukua karatasi nyeupe. Sikio lilitoka mara moja, na ukanda wake na fundo lake. Uso haukuja. Miaka minne tulikula chungu kimoja, nami sikuweza kukumbuka macho yake yalivyokaa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena.

Mjane aliitazama picha. "Sikio ni lake," akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

Niliondoka Mkonze asubuhi ile, nikamwachia karatasi zote zilizobaki. Baadaye nilisikia alizitumia kuwashia moto wa kupashia chuma chake.