Penseli Nyuma ya Sikio

Mama anayetuongoza sisi wa kujitolea hukaa mbele ya mashua, penseli nyuma ya sikio, vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Tukizamia kuhesabu nyasi za baharini, husema yale yale: "Rudia, mwanangu, usinipe namba za kubahatisha." Nikimpa kifutio changu cha shule, hucheka. "Mimi nifute? We!" Leo, palipokuwa na mashina mia mwaka jana, tulikuta mchanga mtupu na alama za mashine za bandari. Akaandika sifuri. Akampigia simu meneja wa bandari, anayetuazima mashua. "Niseme maji yalikuwa machafu, hatukuona? ... Sawa, bosi. Mashua ni yenu." Akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Kile kifutio, mwanangu, unacho?"