Zamu ya Maji na Programu Iliyokataa

Mwanangu, ipo asubuhi moja naikumbuka kama ya jana, asubuhi ambayo mwalimu wangu wa kompyuta aliniambia nizime mashine. Nilikuwa msichana wa chuo pale Voi, nimetoka Bura kwa wazazi wangu, na huko nyumbani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugusa kibodi. Kompyuta zetu zilikuwa kuukuu, zinapiga kelele kama kinu cha posho, lakini sisi tuliziona dhahabu. Wewe leo unaiambia simu ikuandikie programu na inakuandikia kabla hujamaliza chai. Sikulaumu. Kaa tu hapo nikueleze jambo ambalo simu haitakuambia.

Shangazi yangu, Wakesho, aliolewa Taveta na alikuwa na shamba la migomba mwisho kabisa wa mfereji wa maji. Mfereji ule ulihudumia mashamba mengi, na kila shamba lilikuwa na zamu yake ya kufungua lango na kumwagilia. Mwaka huo mvua ilikuwa kidogo. Watu wa juu walichelewa kufunga, watu wa chini wakabaki na vumbi. Jirani mmoja wa shangazi alipigwa bapa la jembe begani kwa sababu ya maji, akalazwa. Hapo ndipo mwenyekiti wa mfereji, Mzee Kilonzo, aliponiita nilipokuwa likizo kwa shangazi.

"Binti, wewe si unasomea kompyuta?" akaniuliza. "Hebu itupangie zamu. Mashine haina shemeji wala jirani. Labda hiyo wataisikia."

Nilifurahi sana, mwanangu. Nilirudi Voi, nikaketi mbele ya mashine, na vidole vikaanza kazi. Nilichukua saa za wiki, nikazigawa sawasawa kwa mashamba yote, nikachapisha. Programu haikulalamika hata mara moja. Nilimpelekea Mzee Kilonzo karatasi nikiwa nimevaa nguo yangu ya kanisani.

Wiki hiyo haikuisha vizuri. Watu wa juu walipata maji kama walivyoandikiwa. Kwa shangazi maji yalifika zamu yake ikiwa karibu kwisha, yakalowesha mstari mmoja wa miche, kisha ikabidi lango lifungwe. Miche aliyokuwa ameipanda kwa mikono yake ikaanza kulegea majani. Wenzake wa chini walisema programu imeandikwa kuwapendelea wa juu. Wakaanza kusema watakwenda na majembe wavunje malango yote. Mzee Kilonzo alituma neno chuoni: kama zamu haitarekebishwa kabla ya mkutano ujao, karatasi ile ataichana mbele ya watu, na yeye mwenyewe atajiuzulu.

Nilikimbilia kwenye kompyuta. Nikabadilisha namba hapa, nikaongeza mstari pale, nikafuta, nikarudisha. Mwalimu Mwadime, aliyekuwa akitufundisha, alikuja akasimama nyuma yangu. Kisha akasema, "Zima mashine."

"Mwalimu, nikizima nitarekebishaje?"

"Zima kwanza. Sasa niambie, shida ni nini?"

"Watu wa chini hawapati maji."

"Hayo ni malalamiko yao, na wana haki ya kulalamika. Mimi nauliza shida ya programu. Unaipa nini? Unataka ikurudishie nini? Na katikati ya hapo kunatokea nini?"

Nilimtajia saa nilizozigawa.

"Hiyo mashine haijawahi kufika Taveta," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Haijui mfereji ni nini. Inajua ulichoiambia tu. Nenda ukauangalie mfereji, halafu urudi unieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Ukishindwa kunieleza mimi, hutaweza kuieleza mashine."

Nilipanda lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu. Nilifika kwa shangazi nikiwa mwekundu kwa vumbi, na aliponiona hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alinionyesha miche. Sikulia, mwanangu, ingawa nilitaka kulia. Nilimwambia, "Shangazi, nipe nafasi nyingine."

"Nafasi si yangu," akajibu. "Waombe hao wenye majembe."

Nilikwenda juu, mahali maji yanapoingilia mferejini. Nikatupa jani kavu la mgomba majini na kutembea nalo. Jani lilipokwenda haraka nilienda haraka. Lilipozubaa kwenye majani na matope, nami nilizubaa nalo. Kila lango nililolipita niliandika saa. Kumbe maji yanasafiri! Mimi niliyagawa kana kwamba yanafika kote kwa wakati mmoja, kama taa inavyowaka. Wa mwisho alikuwa anahesabiwa saa zake wakati maji bado yako njiani.

Basi jioni hiyo nilikaa uani kwa shangazi na punje za mahindi, kila punje ikiwa saa moja. Sikuchukua mashamba yote. Nilichukua matatu tu: la juu, la kati na la chini. Nikapanga zamu zake kwa mkono, nikisema kila hatua kwa sauti: maji yafunguliwe, yasafiri, yafike langoni, ndipo saa zianze kuhesabiwa. Kuna mahali nilikwama. Je, mwenye zamu akiwa mgonjwa asifungue? Nikamuuliza shangazi inakuwaje. Akasema anayemfuata huchukua palepale. Nikaongeza hatua hiyo. Nilirudia mpaka mashamba matatu yakanikubali bila ubishi.

Ndipo niliporudi Voi na kumweleza Mwalimu Mwadime. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali, kisha akasema, "Sasa washa."

Usidhani iliandikika kirahisi. Niliandika kipande kimoja, nikakijaribu kwa mashamba yale matatu, nikalinganisha na jibu la punje zangu. Kikikubali, naenda kingine. Kipande cha mgonjwa kilinizungusha: programu iling'ang'ania jina la aliyekosa, ikalirudia skrini nzima. Nilipokirekebisha hicho, ikaniambia shamba moja lifungue maji saa ishirini na saba. Wenzangu walicheka mpaka wakashika meza. Nami nilicheka, lakini sikuondoka kitini. Nilikuwa nimesahau kuifundisha kwamba siku huisha na nyingine ikaanza. Nikaifundisha. Nikaijaribu tena, tangu mwanzo.

Siku ya zamu mpya nilisimama kwenye lango la shangazi. Watu wa chini walikuwa wamekuja, na majembe yao hawakuyaacha nyumbani. Hakuna aliyenisalimia. Mzee Kilonzo alikuwa akitembea juu na chini akiangalia saa ya mkononi. Saa iliyoandikwa ya kufungulia maji kule juu ilifika, mfereji bado mkavu pale tuliposimama, na mtu mmoja akasema, "Si mnaona? Ni yaleyale."

"Bado yanasafiri," nikasema. "Saa zenu zitaanza yakifika hapa."

Kisha tukayasikia. Yalikuja yakisukuma takataka mbele yake, ya rangi ya udongo, yakajaa mpaka ukingoni. Shangazi akanisukuma kando. "Haya, toka hapo nipitishe maji!" Alimwagilia mpaka mstari wa mwisho. Wale waliokuja kuvunja malango wakayatumia majembe yao kufungulia maji njia ya kuingia mashambani. Miche mingine ilikuwa imekwisha kufa, hiyo sikuweza kuirudisha, lakini iliyobaki ilizaa. Zamu ile ilifuatwa misimu mingi, na kwa maji hakupigwa mtu tena.

Kwa hiyo sikia, mwanangu unayeanza leo. Usikimbilie kibodi. Ielewe shida kwanza mpaka uweze kumweleza mtu asiyeijua. Ikiwa kubwa, ivunje, ushike kipande unachokiweza. Kifanye kwa mkono wako kabla ya kuiambia mashine. Andika kidogo, jaribu, sahihisha, endelea. Programu ikikataa, haijakutukana. Inakuonyesha mahali ambapo hujaelewa, basi rudi mahali hapohapo. Na hata simu ikikuandikia, wewe ndiye utakayesimama langoni na watu, kwa hiyo hakikisha unakijua ilichoandika.

Mungu akupe utulivu wa kuuliza kabla ya kujibu, akupe moyo usiochoka kuanza upya, na kazi ya vidole vyako iwafae watu wa kwenu. Nenda, mwanangu, na baraka zangu zote ziende nawe.